Battlestar Galactica Yatua Tanzania: Uhakiki wa Msimu wa Nne na wa Mwisho

Kuhakiki tamthilia ya televisheni iliyomalizika mwaka 2009, tena mhakiki mwenyewe awe mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, kutaonekana kituko kwa baadhi ya wasomaji. Wapo watakaosema kwamba tamthilia ni ile ya jukwaani na kwamba hayo ya kwenye kioo ni ya kupitishia jioni tu. Sitabishana nao leo. Ninayo sababu moja ya kuishika kazi hii, nayo ni kwamba inaishia kwetu. Baada ya misimu minne ya kukimbizana angani, Battlestar Galactica inafunga hadithi yake kwa kuitaja Tanzania kwa jina, na kudai kwamba mifupa ya mama wa wanadamu wote imefukuliwa nchini humu. Mtu akiingia uani kwako na kumtaja bibi yako, utatoka nje umsikilize anasema nini.

Nimeutazama msimu huu wakati wa likizo nyumbani, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, kwenye kompyuta ya rafiki yangu, kutoka kwenye flash iliyokwisha pita mikono mingi kabla ya kutufikia. Tulikuwa watano au sita kila usiku. Miongoni mwetu alikuwamo mjomba wangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, hivyo kazi ya kutafsiri ikaniangukia mimi. Naitaja hali hii kwa sababu mtu anayetafsiri hawezi kuruka maneno. Analazimika kusikia kila kinachosemwa, na pia kugundua nani hasemi kitu.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe: chimbuko lake ni tamthilia ya Glen A. Larson ya mwaka 1978. Ronald D. Moore aliifumua na kuisuka upya, ikaanza na filamu ya utangulizi mwaka 2003, kisha misimu minne kuanzia 2004. Wanadamu wanaishi katika dunia kumi na mbili za mbali. Mashine walizoziunda wenyewe, zinazoitwa Cylon, ziliasi, zikaenda zao, na sasa zimerudi zikiwa na sura na miili ya watu. Kwa siku moja wanaangamiza karibu kila mtu. Wanaobaki ni watu elfu hamsini hivi, waliobanana kwenye meli za angani chini ya Admeri William Adama (Edward James Olmos) na Rais Laura Roslin (Mary McDonnell), mwanamke aliyepata kuwa mwalimu wa shule, ambaye saratani inamla. Wanaitafuta dunia ya kumi na tatu inayotajwa katika maandiko yao. Dunia hiyo inaitwa kama hii yetu.

Msimu wa nne ulirushwa kuanzia tarehe 4 Aprili 2008 hadi 20 Machi 2009, ukiwa umekatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza kilimalizika Juni 2008 kwa kuwafikisha watu hawa kwenye dunia waliyoililia kwa miaka yote hiyo. Wanashuka, Adama anachota udongo kwa mkono, na kipimo cha mionzi kinalia. Ni majivu matupu. Vita vya nyuklia vilikwisha iteketeza miaka elfu mbili nyuma. Watazamaji waliachwa hapo miezi saba.

Hapa ndipo nguvu za msimu huu zilipo, nami nasema bila kusita kwamba sehemu zilizofuata Januari 2009 ni miongoni mwa maandishi bora niliyopata kuyaona kwenye kioo. Dualla, afisa wa mawasiliano, anarudi kutoka kwenye ile dunia ya majivu, anatoka jioni moja na mumewe waliyeachana, wanacheka, anarudi chumbani akiimba chini chini, anavua vito vyake, halafu anajipiga risasi. Hakuna hotuba. Sisi tuliofunzwa kwamba kila tendo la mhusika lazima litanguliwe na dokezo tutasema halikuandaliwa. Mimi naona liliandaliwa kwa misimu minne. Mtu aliyeishi kwa ahadi moja tu, ahadi hiyo ikifa, hana haja ya kutueleza.

Kisha yanafuata maasi ya Gaeta. Felix Gaeta alikuwa afisa mtiifu, mtu wa hesabu na ramani. Amepoteza mguu katika vurugu za wenzake, na sasa anaambiwa kwamba waliomuulia taifa zima wamekuwa marafiki, wakae meza moja, wabadilishane mitambo. Anakataa. Anaungana na Tom Zarek, mwanasiasa wa maneno matamu, na wanaiteka meli. Ubora wa sehemu hizi ni kwamba Gaeta ana hoja. Huwezi kumtia katika kapu la wahusika waovu ukatulia. Zarek anapowapiga risasi wajumbe wa baraza, Gaeta anaelewa amejiunga na nani, lakini maji yamekwisha mwagika. Mbele ya kikosi cha wauaji, kigutu cha mguu kilichokuwa kikimwasha kwa wiki nyingi kinaacha kuwasha. Analisema hilo, kisha bunduki zinalia. Mjomba, ambaye hadi hapo alikuwa akisinzia sinzia, alisema kwa sauti, "Huyu wamemwonea." Tulibishana hadi saa saba usiku kama ameonewa au la.

Upande wa fani sitakaa sana. Kamera inatikisika kama ya mwandishi wa habari vitani, muziki wa Bear McCreary umejaa ngoma nzito, na wimbo mmoja wa zamani wa Bob Dylan umegeuzwa kuwa fumbo ambalo noti zake ndizo zinazoelekeza njia ya mwisho. Hiyo ya wimbo inapendeza. Kinachokera ni Kara Thrace, rubani aliyekufa, akarudi, akaikuta maiti yake mwenyewe imeungua kwenye ile dunia ya majivu, na mwishoni anatoweka hewani katikati ya mazungumzo bila maelezo. Mtunzi aliyefunga fundo asiloweza kulifungua amemwita Mungu alikate. Watu wengi waliilalamikia tamthilia hii kwa sababu hiyo tangu usiku ule ule ilipoisha. Wana haki yao, lakini naona walilia na dogo wakaliacha kubwa.

Kubwa lenyewe naomba nilijenge polepole. Msimu huu wote unauliza swali moja: nani ni mtu? Kanali Tigh, aliyepoteza jicho akipigana na Cylon na kumuua mke wake kwa mkono wake kwa sababu alishirikiana nao, anagundua kwamba yeye mwenyewe ni Cylon. Anabaki yule yule, mlevi, mkali, mwaminifu kwa Adama. Meli yenyewe inapasuka mihimili kwa uzee, na mafundi wanaiziba nyufa kwa utomvu wa Cylon, hivyo chuma cha wanadamu kinashikiliwa na mwili wa adui. Baba binadamu na mama Cylon wamezaa mtoto, Hera, na vita nzima ya mwisho inapiganwa ili kumwokoa. Kila mahali jibu ni lile lile. Wale ni sisi. Tarehe 17 Machi 2009, siku tatu kabla ya sehemu ya mwisho kurushwa, waigizaji na watunzi walialikwa Umoja wa Mataifa jijini New York kujadili haki za binadamu, na Olmos aliwaambia waliohudhuria kwamba hakuna mbari nyingi za watu, ipo moja tu, ya binadamu. Hebu liweke hilo moyoni halafu twende kwenye sehemu ya mwisho.

Sehemu ya mwisho inaitwa Daybreak. Imeandikwa na Moore mwenyewe na kuongozwa na Michael Rymer. Vita vimekwisha, meli imevunjika mgongo, na kwa bahati (au kwa mkono wa huyo Mungu) wametua kwenye dunia nyingine, ya kijani, yenye mito na wanyama. Ndiyo hii yetu, miaka 150,000 iliyopita, na walipofikia kwanza ni Afrika. Nyika hiyo ya Afrika, kwa taarifa yenu, ilipigwa picha British Columbia, Kanada, na swala wakapachikwa baadaye kwa kompyuta. Roslin anaruka na Adama juu ya mbuga, anatazama makundi ya wanyama, na anafia humo humo chomboni. Nilishindwa kutafsiri kwa muda. Ni kifo kilichoandikwa kwa heshima.

Lakini kabla ya hapo kuna kilima. Wakubwa wamelala kifudifudi kwenye majani na darubini mkononi. Ng'ambo kule watu wanapita kwenye nyasi, wamebeba mikuki, wanawinda. Ni binadamu, wenyeji wa mahali hapo. Kule juu kilimani wageni wanajadiliana. Inaelezwa kwamba vinasaba vyao vinalingana na vyetu, kwa hiyo kuzaa nao kunawezekana. Inaelezwa pia kwamba hawana lugha, na kwamba lugha ni mojawapo ya vitu wanavyoweza kupewa. Basi. Kamera haishuki kule chini. Hatuoni uso wa hata mmoja wao kwa karibu, hatusikii hata mguno. Msimu uliotumia saa zote hizo kutufundisha kwamba hata mashine ni mtu, unapofika kwa watu wenyewe unawatazama kwa darubini.

Mjomba aliniuliza, "Hawa wenye mikuki wanasemaje?" Nikamwambia hawasemi. "Hawasemi, au wewe hujui Kiingereza chake?" Nikarudisha nyuma, nikaongeza sauti. Kulikuwa na muziki na sauti za wale wa kilimani.

Swali la mjomba lilinichoma kuliko alivyokusudia. Wilaya yetu ina kijiji cha Munguli, na Munguli wapo Wahadzabe, watu ambao bado wapo wanaoishi kwa upinde, mizizi na asali kati ya hapo na bonde la ziwa Eyasi. Lugha yao ina vidoko na wataalamu hawajaipatia ndugu wa hakika. Sisi Wanyisanzu ni majirani zao wa siku nyingi. Tumebadilishana nafaka kwa asali na nyama, tumeoana, na maneno yetu yamo ndani ya lugha yao. Hata hivyo tulipokuwa watoto tulikuwa tukiviigiza vidoko vyao na kusema hiyo si lugha, ni ndege wanalia. Nilicheka sana siku hizo. Nilicheka kwa sababu nilikuwa kilimani na darubini yangu. Wahadzabe, hao wanaoambiwa wanalia kama ndege, humpigia mluzi yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya asali, naye huwaitikia. Na tangu wakati wa Mwingereza hadi baada ya uhuru, wamekuja watu mara kadhaa wakitaka kuwakusanya vijijini na kuwapa kilimo. Katika Daybreak, Gaius Baltar, mwanasayansi aliyewasaliti watu wake wote, anaipokea dunia mpya kwa kusema, huku machozi yakimlenga, kwamba kulima anakujua. Ni maneno mazuri kwa mtoto wa mkulima aliyeukana ukulima wa baba yake. Yakisikilizwa kutoka Munguli yana mlio mwingine.

Sisemi kwamba Wahadzabe wa leo ni picha ya watu wa miaka 150,000 iliyopita. Hilo ni kosa jingine, la kudhani kwamba kuna watu waliogandishwa wakati wengine wanaendelea. Nasema tu kwamba tabia ya kumtazama mwindaji ukaona hana neno naifahamu kwa karibu, maana nimekuwa nayo.

Tufike sasa kwenye mifupa. Hadithi inaruka miaka 150,000 hadi New York ya leo. Moore mwenyewe, mtunzi, kajipachika barabarani akisoma gazeti la National Geographic, na begani kwake malaika wawili wanachungulia habari: mabaki ya msichana yamepatikana Tanzania, ndiye Hawa wa Mitokondria, mama wa wote walio hai. Tunatakiwa tuelewe kwamba ni Hera.

Dhana hii ni ya kweli katika sayansi. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichunguza vinasaba vya mitokondria vya watu 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Vinasaba hivyo mtu huvipata kwa mama tu, baba havimhusu. Walipoufuata uzi huo nyuma, uliwafikisha kwa mwanamke mmoja ambaye yaelekea aliishi Afrika, miaka kama 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke peke yake duniani. Ni kwamba nyuzi za wenzake zilikatika mahali fulani, kwa kuzaa wavulana watupu au kutozaa. Wala hakuna mfupa utakaotoka ardhini ukiwa na cheti kwamba ndio yeye.

Nilipomweleza mjomba hivi nilitegemea nitahangaika. Kumbe hakuhitaji maelezo. Wanyisanzu kwa desturi ukoo tunaufuata kwa mama, ndiyo maana mjomba kwetu ni mtu mzito. Alifikiri kidogo akauliza, "Huyo mtoto mama yake si yule aliyetengenezwa?" Nikasema ndiye, Sharon, Cylon. "Basi kama wote ni wa ukoo wa huyo mtoto, wote ni wa ukoo wa mashine. Wale wanawake wa wale wenye mikuki ukoo wao uko wapi?"

Jamani, sijaona uhakiki wa tamthilia hii uliolifikia swali hilo kwa ufupi namna hiyo. Kwa kumfanya Hera kuwa Hawa, mtunzi amekata uzi wa kila mama mwenyeji. Damu yao inaweza kuwa imepenya kupitia kwa wana wa kiume, lakini mama wa mama wa mama zetu, tukirudi hadi mwisho, anakuwa mgeni aliyeshuka kutoka angani, na mama yake aliundwa kiwandani. Wenyeji wamenyang'anywa lugha kilimani, na New York wamenyang'anywa umama. Afrika imebaki kuwa mahali pa kuzikwa. Na kisayansi pia haiendi: uzi huo huo wa mama ukiufuata mbali zaidi unatuunganisha na sokwe, wakiwemo wa Gombe. Sijui sokwe nao walishuka na meli gani.

Hadithi ya mgeni aleteaye kila kitu si mpya kwetu. Mwaka 1930 Charles Seligman alichapisha kitabu akidai kwamba ustaarabu wowote wa maana Afrika uliletwa na Wahamiti kutoka nje, na kizazi kizima cha wasomi wa kikoloni kiliyasoma magofu yetu kwa miwani hiyo. Simtuhumu Moore kwamba alimsoma Seligman. Nadhani hakufikiri kabisa, na hapo ndipo penye tatizo. Alihitaji pahali pazuri pa kuwatulizia watu wake waliochoka, akatumia Afrika kama mtu anavyotumia kiti. Hata Dualla, mmoja wa weusi wachache waliokuwa na nafasi ya kudumu kwenye meli ile, aliyeigizwa na Kandyse McClure mzaliwa wa Afrika Kusini, alikwisha kufa. Hakufika.

Rafiki yangu mwenye kompyuta ananipinga, na hoja yake haifai kupuuzwa. Anasema hawa si wakoloni. Lee Adama anawashawishi wenzake waachane na kila kitu: mitambo, miji, silaha. Meli zote zinatumwa ndani ya jua. Wanatawanyika na mabegi mgongoni kuishi kama wenyeji. "Mkoloni gani anachoma meli zake?" aliniuliza. Nakubali kwamba uamuzi huo una uzito, na kwamba mtunzi aliukusudia kama toba. Lakini mtu anaweza kuiacha bunduki chomboni na bado akashuka na uhakika kwamba yeye ndiye mwenye la kusema na yule ndiye wa kuambiwa. Hakuna hata mmoja kule kilimani anayependekeza washuke wakaombe kufundishwa mto upi una maji kiangazi, mzizi upi unaua. Watu elfu thelathini na ushei wasiojua kuwasha moto bila kiberiti wanatua nyikani, na mpango wao ni kuwapa wenyeji lugha! Kwa kweli hao wageni wangekufa njaa ndani ya mwezi mmoja kama si wale wenye mikuki. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa kuitazama, na haikuandikwa.

Inawezekana kuandikwa. Katama Mkangi wa Kenya alitoa riwaya ya Walenisi mwaka 1995, na wengi wetu tumeisoma au tumejidai kuisoma. Huyo naye ana safari ya chombo cha ajabu: Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa ndani yake na kujikuta katika nchi ya watu asiowajua. Jina la watu hao ukilikata vizuri linasema lile lile ambalo Galactica imelihangaikia kwa misimu minne. Tofauti ni kwamba Dzombo akifika anakaa chini na kuelezwa. Yeye ndiye mshamba. Maswali ni yake, majibu ni yao, na anaaibika mara kwa mara. Mkangi hakuwa na bajeti ya kompyuta wala swala wa kupachika, na kuna kurasa za riwaya yake zinazohubiri kupita kiasi. Lakini aliwapa wenyeji ulimi tangu siku ya kwanza.

Flash ninayo, iko chumbani kwangu, ingawa sehemu mbili za katikati zinakwama kwama. Atakayependa kumtetea Moore aichukue, aitazame tena ile sehemu ya kilimani akiwa na sauti juu kabisa, halafu aandike. Mjomba naye ameagiza akipatikana Mhadzabe wa Munguli mwenye nafasi, tumwonyeshe, tusikie yeye atasemaje.